Toleo, nakala na adimu: msamiati wa wakusanyaji wa majarida ya hadithi za kuogofya

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alitafsiri maelezo ya mnada wa majarida ya zamani ya Marekani. Mahali ambapo muuzaji alisema kuwa jarida lilichapwa nakala 200, yeye aliandika kuwa lilikuwa na “matoleo 200”. Sarufi yake ilikuwa safi. Hata hivyo, msomaji wa tafsiri hiyo angeamini kuwa jarida lilidumu kwa miaka mingi, ilhali kilichouzwa kilikuwa kijitabu kilichotoka mara chache, kikafa. Katika biashara hii bei yote imo ndani ya tofauti hiyo.

Tuchukue mfano halisi. The Fantasy Fan lilianza Septemba 1933 na kukoma Februari 1935. Lilikuwa jarida la wapenzi wa hadithi za ajabu na za kuogofya, na Clark Ashton Smith na Robert E. Howard ni miongoni mwa walioandika humo. Kwa kuwa lilitoka kila mwezi, lina matoleo 18: juzuu ya kwanza ina 12, ya pili ina sita. Toleo ni tukio la kutoka kwa jarida. Nakala ni kitu kimoja kimoja kinachoshikika mkononi. Mkusanyaji anayesema “nina matoleo yote 18” ana seti kamili. Anayesema “nina nakala 18” huenda ana toleo moja tu lililorudiwa mara 18.

Mhariri wake, Charles D. Hornig wa Elizabeth, New Jersey, alikuwa na umri wa miaka 17. Hapa pana mtego mwingine. Wafasiri hupenda kumwita mtu anayechapisha kwa mtaji mdogo “mchapishaji mdogo”, lakini kwa Kiswahili maneno hayo humaanisha kwanza mdogo wa umri. Kwa Hornig yangekuwa kweli kwa maana zote mbili! Kwa wengine wote, afadhali kusema “mchapishaji binafsi” au “shirika dogo la uchapishaji”. (Kijana huyo hakubaki mdogo kwa muda mrefu: Hugo Gernsback aliliona jarida lake, akamwajiri kuhariri Wonder Stories.)

Neno “toleo” lina ugumu zaidi linapohusu maandishi yenyewe. H. P. Lovecraft aliandika insha ndefu kuhusu historia ya fasihi ya kuogofya. Ilitoka kwanza mwaka 1927 katika The Recluse, jarida la W. Paul Cook ambalo halikupata toleo la pili. Baadaye aliirekebisha, nayo ikaanza kutoka kwa sehemu katika The Fantasy Fan. Jarida lilipokufa, insha ilikuwa imefika katikati ya sura ya nane, na hapo ikakatika. Lovecraft alifariki mwaka 1937. Insha nzima iliyorekebishwa ilichapishwa mwaka 1939 katika kitabu The Outsider and Others cha Arkham House, kilichochapwa nakala 1,268. Mtafsiri akiandika tu “toleo la kwanza”, je, anakusudia insha ya 1927, jarida la Septemba 1933 au kitabu cha 1939? Dawa ni kulitaja daima jina linalomiliki: toleo la kwanza la insha, toleo la kwanza la jarida. Ni maneno mawili zaidi, lakini ndiyo yatakayomjulisha mnunuzi kwamba hata akizipata nakala zote 18 za Hornig, insha haitakamilika.

Kuhusu uchache, “adimu” hufuata kitu na “nadra” hufuata tukio: nakala ni adimu, lakini ni nadra kuiona mnadani. “Haba” ni upungufu wa kiasi, kama fedha au maji, na haisemi lolote kuhusu thamani. Tena uadimu si ukongwe. Gazeti la kila siku la mwaka huohuo 1933 linaweza kupatikana kwa urahisi kuliko kijarida kilichotumwa kwa wateja wachache kwa posta, kikasomwa, kikapata kutu kwenye pini zake, kikatupwa.

Na kwa nini nasema “za kuogofya” badala ya “za kutisha”? Filamu tumekwisha kuziita za kutisha, wala sina ugomvi na mazoea hayo. Ila kutisha ni pia kutoa vitisho, hivyo “barua za kutisha kwa mhariri” zaweza kumfikisha mtu polisi. “Ogofya”, iliyotokana na “ogopa”, hubaki kwenye hofu yenyewe.

Jarida la Hornig limechapwa upya karne hii kwa kuiga kurasa za asili. Hiyo ni chapa mpya. Si toleo jipya, kwa sababu hakuna lililohaririwa. Tangazo lisemalo “matoleo yote 18, chapa mpya” ni sahihi. Lisemalo “nakala za 1933” kuhusu kitu hichohicho ni ulaghai au tafsiri mbaya, na mnunuzi aliyekwisha kulipa hupata hasara ileile.