Meza ya Studio Ndani ya Kompyuta: Kina Mama Tujue Nini?

Je, kijana wako anayepiga kinanda kwenye kwaya amewahi kukuomba fedha za kununua "ikwalaiza ya meza ya zamani" ya kuweka kwenye kompyuta? Au kamati ya kwaya imewaletea kina mama bajeti ya kurekodi, na ndani yake mna fungu la programu ambalo hakuna aliyelielewa? Mara nyingi sisi kina mama ndio tunaouza maandazi na kuchangishana ili nyimbo za kwaya zirekodiwe. Si vema tukachangia kitu tusichokijua. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa lugha ya nyumbani.

Ikwalaiza ni nini?

Sauti yoyote ni mtetemo wa hewa. Ngoma kubwa hutetemesha hewa polepole, kama mara 60 au 80 kwa sekunde. Mtu akitamka "s", mitetemo hufika maelfu kwa sekunde. Sikio la mtoto mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde.

Ikwalaiza ni kifaa cha kuongeza au kupunguza sehemu mojawapo ya mitetemo hiyo na kuziacha nyingine kama zilivyo. Besi ikizidi, hupunguzwa. Maneno ya waimbaji yasiposikika vizuri, sehemu yake huinuliwa kidogo. Ni kama mpishi anayeweza kupunguza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuiva, jambo ambalo sisi jikoni hatuliwezi! Lakini hata mpishi huyo hawezi kuleta ladha ya kiungo ambacho hakikutiwa chunguni.

Meza hizo zilitoka wapi?

Kabla ya kompyuta, sauti zote za studio zilipitia kwenye meza kubwa yenye safu za vitufe vya kuzungusha, kila safu ikishughulikia kipaza sauti kimoja. Mmoja wa waundaji mashuhuri wa meza hizo alikuwa Mwingereza Rupert Neve, aliyezaliwa mwaka 1926 na kukulia Argentina. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alizunguka akirekodi kwaya, opera na matamasha, na chombo chake cha kazi kilikuwa gari kuukuu la wagonjwa la jeshi la Marekani. Sisi wauguzi tumefurahi kujua kwamba gari la wagonjwa liliwahi kuhudumia waimbaji!

Mwaka 1970 kampuni yake ilitoa kipande cha meza kinachoitwa 1073. Ikwalaiza yake ni rahisi kueleweka. Sauti nyembamba zina kitufe kimoja, kinachofanya kazi kuanzia mitetemo 12,000. Sauti za kati zina hatua sita: 360, 700, 1,600, 3,200, 4,800 na 7,200. Sauti nene zina hatua nne: 35, 60, 110 na 220. Tena kuna kichujio cha kukata kila kilicho chini ya 50, 80, 160 au 300, kama vile vishindo vya miguu na mngurumo wa upepo. Fundi hachagui kati ya mambo elfu. Anachagua kati ya machache yaliyopangwa vizuri.

Kwa nini basi watu waipende hata leo? Ndani ya kipande hicho sauti hupita kwenye transfoma, yaani nyaya zilizozungushiwa chuma. Sauti ikiwa na nguvu, chuma hicho huibadilisha kidogo na kuiongezea mitetemo ambayo haikuwamo. Masikio ya wengi huona sauti imenenepa na kupata joto. Kina mama tunaijua siri hiyo: maharage ya chungu cha udongo hayalingani na ya sufuria, kwa maana chungu chenyewe hutia ladha yake.

Neve hakuacha kazi mapema. Mwaka 2005, akikaribia miaka 80, yeye na mkewe Evelyn walianzisha kampuni nyingine huko Texas, Marekani. Alifariki Februari 2021 akiwa na miaka 94.

Imeingiaje kwenye kompyuta?

Wahandisi huchukua kipande cha zamani, hukipima kiungo kwa kiungo, hupitisha sauti za majaribio, kisha huandika hesabu zinazofanya yale yale. Kwenye kioo cha kompyuta huchora hata vitufe vyenyewe. Universal Audio ya Marekani imeiga 1073, na Waves ya Israeli imeiga meza ya SSL 4000, nayo ya Uingereza.

Faida zipo. Kipande kimoja cha asili cha miaka ile huuzwa kwa maelfu ya dola, nacho huzeeka na kuhitaji fundi. Programu hugharimu kati ya makumi na mamia ya dola, na nakala moja hutumika kwa sauti zote za kwaya kwa wakati mmoja. Tena kesho ukiifungua, vitufe viko pale pale ulipoviacha jana.

Hata hivyo, ina mipaka yake. Programu haimfundishi mwimbaji wa sauti ya tatu kushika noti. Haiondoi mwangwi wa jengo lenye bati tupu na kuta zisizo na mapazia. Wala haiponyi sauti iliyorekodiwa kwa nguvu mno hadi ikakwaruza. Hayo hutengenezwa kabla ya kurekodi, kwa mazoezi, kwa mablanketi yaliyotundikwa ukutani, na kwa kipaza sauti kilichowekwa mahali pake.

Masikio ya vijana wetu

Hapa tunasema kama wauguzi. Ndani ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, ambazo zikifa haziota tena. Kelele huanza kuharibu zile zinazosikia mitetemo ya 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde, ambamo mna herufi kama "s" na "f". Kijana aliyeharibika hapo hajui. Yeye huona sauti imefifia, hivyo hupandisha kitufe cha 4,800, na sisi wasikilizaji tunaumizwa masikio.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80. Kwa mtoto ni desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo, mama, kijana wako akilalamika kwamba masikio yanalia, au ukimwita mara tatu haitiki, usimgombeze kwanza. Mpeleke apimwe.

Kabla ya kutoa fedha

Tunashauri kamati iulizwe maswali haya:

1. Je, ikwalaiza iliyokuja na programu ya kurekodia imekwisha kutumika vya kutosha? Hata Audacity, ambayo hutolewa bure, inayo ikwalaiza.

2. Je, vipaza sauti, nyaya na chumba ni vizuri? Fedha zitangulie huko.

3. Je, programu hiyo inaweza kujaribiwa bure kwa siku kadhaa? Nyingi huruhusu. Sikilizeni wimbo mmoja kwa namna mbili, bila kuambiwa ipi ni ipi. Kama hakuna anayesikia tofauti, fedha zibaki kwenye sanduku.

4. Je, nakala ni halali? Nakala za wizi huleta virusi, na wimbo wa sifa hauwezi kutengenezwa kwa kitu kilichoibwa.

Mama asiseme, "Hayo ni mambo ya vijana." Mkae nao jioni moja, waombe wawafungulie kompyuta, wawaonyeshe kitufe cha 80 kinavyoondoa mngurumo. Watafurahi kuwaeleza, na siku ya kupiga kura juu ya bajeti mtainua mkono mkijua mnachokipitisha.