Plasta ya Usingizi Ipimwe Kabla ya Kuaminiwa

Sisi tulio katika majeshi na polisi tunaujua usiku kuliko raia wengi. Askari hutoka lindoni alfajiri, akajilaza, usingizi ukamkataa. Moyo wamwenda mbio na masikio yangali yanasikiliza. Mtu huyo akiambiwa ipo plasta ya kubandika mkononi, yenye kuondoa wasiwasi na kuleta usingizi, hana budi kuitamani.

Hatukani kwamba dawa yaweza kupita katika ngozi. Mwaka 1979 Marekani iliidhinisha plasta ya skopolamini, ambayo hubandikwa nyuma ya sikio ili kuzuia kichefuchefu cha safari kwa siku 3. Lakini hiyo ina dawa inayojulikana, kwa kiasi kinachojulikana. Zipo nyingine zisizo na dawa yoyote, nazo husifiwa vivyo hivyo.

Udanganyifu wa namna hii si mgeni. Mwaka 1796 Elisha Perkins, tabibu wa Connecticut, alipewa na serikali ya Marekani haki ya kuuza vijiti 2 vya madini, vya kupitishwa juu ya ngozi ili kuondoa maumivu. Mwaka 1799, mjini Bath, Uingereza, daktari John Haygarth alitengeneza vijiti vya mbao vilivyopakwa rangi vifanane na vile, akavijaribu kwa wagonjwa 5. Wanne walisema wamepata nafuu. Kesho yake alitumia vya madini, na matokeo yakawa yale yale. Nafuu ilitoka katika imani ya mgonjwa.

Plasta nayo ipimwe hivyo. Watu wagawanywe kwa kura: hawa wapewe plasta yenyewe, wale plasta tupu inayofanana nayo, na mbandikaji na mbandikwaji wasijue ipi ni ipi. Makundi yote yakilala sawa, plasta haina kazi.

Kwetu jambo hili si dogo. Utafiti uliotolewa Australia mwaka 1997 ulionyesha kuwa aliyekesha saa 17 hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Mtu huyo akishika bunduki au usukani, huku akidhani plasta imemtosha, awahatarisha wenzake.

Ndugu wapiganaji, amkeni saa ile ile kila zamu iruhusupo, na usingizi ukikawia ondokeni kitandani hadi uje. Ukizidi kukataa, mwoneni daktari wa kikosi. Wasiwasi si woga, na kuutibu si aibu.