Kidonda cha Mguu Kisichopona kwa Wazee

Katika vyama vingi vya msingi, wakati wa msimu, hutokea mzee akafika kwenye mizani na gunia lake huku mguu mmoja umefungwa kitambaa. Watu humwachia nafasi, wala hakuna amwulizaye. Msimu unaofuata haji mwenyewe, bali humtuma mjukuu, kwa sababu harufu ya kidonda humtia haya mbele ya wenzake. Mkutano mkuu nao hahudhurii. Hatimaye habari hufika kwamba amelazwa hospitali na kwamba mguu umekatwa. La kusikitisha ni kwamba katika miaka hiyo yote kidonda hakikukosa dawa. Kilitiwa dawa kila siku, lakini sababu yake haikutafutwa hata siku moja.

Kidonda kikikaa mguuni zaidi ya wiki sita bila kufunga, hicho si kidonda cha kawaida tena. Wananchi hukiita kidonda ndugu, na wako wanaosadiki kwamba mgonjwa amerogwa. Ni kweli kwamba ngozi ya mzee huchelewa kupona, lakini uzee peke yake hauzuii kidonda kufunga. Pana jambo jingine chini yake.

Katika nchi ambako jambo hili limechunguzwa sana, kama vile Uingereza, vidonda vilivyo vingi kati ya goti na kifundo hutokana na mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu iliyoshuka mguuni haina budi kupanda tena. Kila mtu anapopiga hatua, misuli ya shavu la mguu huibana mishipa hiyo na kuisukuma damu juu, na ndani ya mishipa vimo vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vilango hivyo vikiharibika, kwa umri, kwa kuganda kwa damu siku za nyuma, au kwa mama aliyezaa mara nyingi, damu hutuama. Kifundo huvimba ifikapo jioni, ngozi hugeuka nyeusi, huwasha na kuwa ngumu. Hapo mkwaruzo wa kijiti cha shambani hutosha kufungua kidonda, mara nyingi upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo.

Kidonda cha namna hii hakiponi kwa unga wala kwa mafuta. Hupona kwa kubanwa. Bendeji zinazovutika huanza penye mzizi wa vidole na kupanda hadi chini ya goti, zikikaza zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Kanuni hii si mpya, kwani katika miaka ya 1880 daktari Paul Gerson Unna wa Hamburg alikuwa akifunga miguu ya wagonjwa wake kwa bendeji zilizopakwa zinki. Mkazo unaotakiwa kifundoni ni kama milimita 40 za zebaki, yaani kipimo kile kile kitumikacho kupima shinikizo la damu. Alalapo, mzee ainue mguu kupita kiwango cha moyo. Mchana atembee, maana kusimama mahali pamoja kutwa nzima ndiko kunakomdhuru. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2004, uliohusu wagonjwa 500, ulionyesha kwamba kwa kubanwa vidonda 65 katika kila 100 vilipona ndani ya wiki 24. Katika muda wa mwaka mmoja, hata hivyo, vidonda vilirudi kwa watu 28 katika 100 waliobanwa tu, na kwa 12 tu miongoni mwa wale waliofanyiwa pia upasuaji wa mishipa iliyoharibika. Kwa hiyo baada ya kupona mgonjwa huendelea kuvaa soksi za kubana. Wengi huziacha, na hapo kazi huanza upya.

Asitokee mtu, baada ya kusoma haya, akaenda kumkaza mzee wake bendeji nyumbani. Mguu mwingine una ugonjwa ulio kinyume na huo: mishipa inayoleta damu imeziba, na kuubana ni kuua wayo. Dalili zake ni wayo wa baridi, kidonda kwenye vidole au kisigino, na maumivu ya usiku yanayopungua mzee anapouning'iniza mguu kitandani. Mganga kwanza hupapasa mapigo ya damu juu ya wayo, kisha hulinganisha shinikizo la kifundoni na la mkononi. La kifundoni likiwa chini ya nusu ya lile la mkono, mgonjwa ampasaye ni mpasuaji, tena haraka.

Kidonda kilicho chini ya wayo na kisichouma kisifurahiwe kwa kutouma kwake. Huenda mishipa ya fahamu imekufa kwa kisukari au ukoma, na mzee anakikanyaga kutwa bila kujua. Hapo lazima sukari ipimwe, na wayo upumzishwe usibebe uzito. Kidonda cha miaka mingi chenye kingo zilizoinuka na kutoa damu kikatwe kipande kikapimwe, kwani chaweza kugeuka saratani.

Kuhusu usafi, maji yaliyochemshwa yakapoa yanatosha. Unga wa vidonge vya rangi mbili, unga wa betri, mafuta ya taa, spiriti na samadi, vyote hivi huiunguza nyama changa inayoota au huingiza uchafu, na samadi yaweza kuleta pepopunda. Dawa za kuua vijidudu humezwa pale tu wekundu unapoenea, au pana homa na usaha mwingi. Asali nayo inasifiwa mno, lakini ilipojaribiwa New Zealand juu ya miguu iliyokwisha kubanwa, haikuonyesha kuharakisha uponaji. Tena mzee anayeishi peke yake kwa chai na ugali mkavu hana kitu cha kujengea nyama. Maharage, dagaa na mayai ni sehemu ya matibabu.

Kinachowashinda wazee wengi si ugumu wa tiba, bali ni safari. Bendeji hufunguliwa na kufungwa upya karibu kila wiki kwa miezi mingi, na zahanati nyingine hazina bendeji za aina hiyo. Hapa halmashauri za vyama zinaweza kusaidia. Gari linalochukua mazao kituoni lina nafasi ya mtu mmoja, na chama kikiagiza pembejeo mjini chaweza kuagiza bendeji pia, mwanachama akakatwa bei yake katika malipo ya mwisho. Katibu anayo daftari ya mahudhurio na stakabadhi za mizani. Akiona kwamba misimu miwili mfululizo mzao wa mzee fulani unaletwa na mjukuu, na aende nyumbani kwake, aketi naye faraghani, na amwulize habari za mguu.