Mbwa Yupi Anafaa Nyumbani Kwako?

Mama, wezi wanapoanza kusumbua mtaani, baba husema, "Tutafute mbwa." Lakini atakayempikia mbwa huyo kila siku, na kuwaangalia watoto wanapocheza naye, ni wewe. Kwa hiyo ni vema ushiriki katika kumchagua.

Kwa familia nyingi za Morogoro mjini na vijiji vya milima ya Uluguru, uchaguzi huwa kati ya wawili: mbwa wetu wa kienyeji, na mbwa wa Kijerumani ambaye wengi humwita "mbwa wa polisi".

Mbwa wa kienyeji

Ni wa umbo la kati, mwenye manyoya mafupi. Wapo wanaomdharau na kumwita mbwa koko. Hata hivyo, amezoea joto letu na hatumii chakula kingi: ugali na dagaa humtosha. (Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni.) Huko milimani huwasaidia wakulima kufukuza nyani na nguruwe pori mashambani. Ndugu yake wa Kongo, aitwaye Basenji, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930, na leo hufugwa kwa heshima Ulaya na Marekani.

Ubaya wake hutokana na sisi wenyewe. Akiachwa azurure majalalani, huzaana ovyo na kurudi na magonjwa.

Mbwa wa Kijerumani

Aina hii ilianza kuandikishwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, kwa kazi ya kuchunga kondoo. Ana akili na hufundishika upesi. Lakini dume hufikia kilo 30 hadi 40, naye hula kwa kadiri hiyo. Manyoya yake mazito humtesa wakati wa joto, na baadhi yao huugua nyonga. Akifungiwa kutwa bila mazoezi wala mafunzo, anaweza kuwa mkali hata kwa watoto wa nyumbani. Kabla ya kununua mtoto wa mbwa, omba kumwona mama yake. Ukimkuta mama huyo ni mwoga au mkali kupita kiasi, tafuta kwingine.

Kichaa cha mbwa

Mbwa yeyote utakayemchagua, jambo hili halina mjadala. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona.

Mchanje mbwa afikishapo miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka. Muone daktari wa mifugo wa eneo lako. Morogoro mjini ipo pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tunza cheti cha chanjo pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mtoto akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano. Usipake dawa za kienyeji, wala usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Jiulize kwanza

Je, tuna uzio au banda? Chakula kitatosha bila kupunguza cha watoto? Nani atamfundisha na kumtembeza? Majirani zetu Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, watasalimika na mbwa anayeingia uani mwao?

Kama una uwanja mpana, kipato cha kutosha na mtu wa kumfundisha, mbwa wa Kijerumani atakufaa. Kwa familia nyingi, mbwa wa kienyeji aliyechanjwa, anayeshiba na kulala nyumbani, ni mlinzi wa kutosha. Mchague yule mtakayeweza kumtunza mwaka wote.