Mpira Mbichi na Mpira Ulioiva: Suala la Istilahi

Tairi lililolika laweza kuvishwa uso mpya kiwandani. Likichakaa kabisa, mafundi wa Kitale na Bungoma hulikata kwa kisu, wakalifanya viatu vya akala. Hakuna aliyeyusha akamimina tairi jingine. Sababu yake ni ya kikemia, lakini kuieleza kwa Kiswahili ni suala la istilahi, na hapo ndipo penye utata.

Mpira mbichi una molekuli ndefu zinazoteleza moja juu ya nyingine; kwa hiyo hunata wakati wa joto na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa, molekuli hizo hufungamana. Ukiupasha moto tena haufunguki, kama vile ugali usivyorudi kuwa unga.

Mchanganyaji hupima kila kitu kwa kulinganisha na sehemu 100 za mpira. Kwa uso wa tairi, mfano wa kawaida ni masizi sehemu 50 hivi, oksidi ya zinki 5, asidi ya steariki 2, salfa 2 na kichapuzi 1. Masizi hayatiwi kwa ajili ya rangi, kama wengi wadhanivyo, bali huupa mpira nguvu ya kustahimili msuguano. Salfa ikifika sehemu 30 au zaidi, hupatikana kitu kigumu mfano wa pembe.

Je, kitendo hicho kiitweje? Kutafsiri neno la Kiingereza kuwa ‘kuponya’ ni upotoshaji, kwani mpira haukuugua. ‘Kukausha’ nako huashiria maji, ilhali hapa hakuna maji yatokayo. ‘Kuiva’ kwafaa zaidi: mpira waweza kuwa mbichi, kuiva, kupitiliza, hata kuungua kabla ya kutiwa kalibuni. Salfa nayo ilikuwa na jina lake, kiberiti, lililotoka Kiarabu. Lakini jina hilo limekwisha kuhamia kwenye njiti za moto, na kulirudisha kungemtatiza mwanafunzi wa Bungoma.

Gumu zaidi ni ‘kiungo’. Salfa ni kiungo kama ilivyo bizari, na pia ndiyo inayounga. Utata huo wapendeza katika ushairi, si katika kitabu cha ufundi. Afadhali ‘kiungo’ kiachiwe kitu kinachotiwa, na kile kinachofunga molekuli kiitwe ‘daraja’. Hapo mkata akala aweza kuelezwa kwa nini vipande vyake vikitiwa motoni huungua tu: madaraja ya salfa hayaachi mpira uyeyuke.