Ile Kamba ya Njano ya Shingo ya Ng'ombe

Siku ukienda buchani pale Mwanjelwa, omba uoneshwe ile kamba ya njano inayopita juu ya mifupa ya shingo ya ng'ombe. Ichemshe mpaka kesho, hailainiki. Lakini kongoro, lile la supu ya asubuhi za baridi Mbeya na Iringa, likikaa jikoni saa kadhaa linakuwa ute. Kwa nini?

Kongoro limejaa kolajeni. Kamba ya njano ni elastini. Kolajeni ni kamba ya katani, inazuia tishu isichanike. Elastini ni mpira wa manati: inavutika, inarudi. Karibu theluthi ya asidi amino zake ni glisini, kisha alanini, valini na prolini, na nyingi haziyapendi maji. Minyororo yake imefungwa kwa mafundo ya desmosini, kila moja likitokana na laisini nne. Kimeng'enya kinachoanzisha ufungaji huo kinahitaji madini ya shaba.

Sasa tuje maabara. Hematoksilini na eosini zinapaka elastini na kolajeni zote waridi, ndiyo maana kwenye praktiko tunabaki kutoa macho. Mwaka 1908, Frederick Verhoeff, daktari wa macho wa Marekani, alichanganya hematoksilini, kloridi ya feri na iodini. Mwanzoni kila kitu kinakuwa cheusi. Kisha unasuuza kwa kloridi ya feri ya asilimia 2: rangi inatoka kwingine kwanza, elastini inaiachia mwisho. Ukimalizia na van Gieson, kolajeni inakuwa nyekundu, misuli njano.

Hapo kwenye kusuuza ndipo tunapochemka. Ukizidisha muda, elastini nayo inapauka, halafu unaandika tishu haina nyuzi hizo. Kumbe umezifuta mwenyewe! Chungulia hadubini mara kwa mara, na weka pembeni kipande cha ateri, ambayo tunajua inazo. Ateri ikipauka, usiiamini slaidi yako. Kama hujaweka van Gieson, irudishe kwenye rangi uanze upya.

Si suala la maksi tu, wadau. Elastini nyingi hutengenezwa kabla ya kuzaliwa na utotoni. Ukubwani ni kidogo mno. Moshi wa sigara huchochea vimeng'enya vinavyoikata mapafuni, na pafu linalegea kama mpira wa soksi kuukuu. Kwa hiyo ukiandika "hakuna nyuzi" kwa kukosea kusuuza, unampa mgonjwa uharibifu asio nao.