Kwa Nini Tangi la Choo Hujaa Pole Pole?

Najua wengi wenu mtacheka mkiona kichwa cha makala haya. Chekeni tu, lakini choo hakibagui. Mwalimu anakihitaji na mwanafunzi pia anakihitaji. Tena sote tunajua kuwa mapumziko ya saa nne ni dakika 20 peke yake, na vyoo vya wasichana ni vitatu. Muhula uliopita nilishika saa nikapima: tangi moja lilichukua dakika 11 kujaa. Sasa piga hesabu. Kila choo kitavutwa maji mara mbili tu kabla ya kengele kulia! Wanaobaki kwenye foleni ama huacha choo kilivyo, ama huenda kutafuta ndoo na kuchelewa darasani.

Kila mtu husema eti maji hayana nguvu. Pengine ni kweli, pengine ni uvumi mtupu. Njia ya kujua ni rahisi: fungua mfereji wa sinki lililo karibu. Ukitoa maji kwa uvivu vile vile, basi shida iko kwenye bomba au kwenye tenki la juu. Ukitoa kwa kasi, shida imo ndani ya tangi la choo lenyewe, na hapo usihangaike kulaumu mvua. Lakini kwanza angalia ile stopkoki ndogo iliyo chini ya tangi. Mara nyingi mtu huifunga nusu siku ya kutengeneza kitu, kisha akaenda zake.

Ndani ya tangi mna boya, yaani ule mpira wa plastiki unaoelea, umeshikwa na mkono wa chuma. Maji yakishuka, boya nalo hushuka, na mkono ule huachilia kijipande cha mpira kilichoziba tundu la kuingizia maji. Maji yakipanda, boya hupanda na kukisukuma kile kijipande kirudi kuziba. Wanafizikia, mnamkumbuka Archimedes?

Sasa siri yote imo katika tundu hilo. Ni dogo ajabu. Letu lilikuwa na upana wa milimita 3 hivi, na punje chache za mchanga zilitosha kulifanya karibu kipofu. Mzee anayetunza majengo ya shule alikubali tulifungue pamoja naye. Alifunga stopkoki, akavuta maji ili tangi libaki tupu, akachomoa pini inayoshika mkono wa boya, akafungua kifuniko kwa spana, na kijipande kikatoka. Kisha akafanya jambo lililonifurahisha sana: aliweka kiganja mbele ya tundu akafungua stopkoki kidogo tu, na maji yenyewe yakautapika mchanga wote. Tuliporudisha kila kitu, tangi lilijaa kwa dakika 6.

Nafuu, naam, lakini dakika 6 bado ni nyingi. Mzee akatueleza kuwa matundu haya ni ya aina mbili. Lile jembamba ni la maji yenye msukumo mkubwa, yatokayo moja kwa moja kwenye bomba kuu. Yetu hutoka kwenye tenki lililo mita 3 tu juu ya choo. Tukizidisha 3 kwa 1,000 kwa 10, tunapata paskali 30,000, na huo ni msukumo mdogo. Maji ya namna hii yanataka tundu pana. Na hapa ndipo hesabu inapotamu: tundu la milimita 6 halipitishi maji mara mbili ya lile la 3, bali mara nne, kwa sababu eneo la duara hufuata mraba wa nusu kipenyo. Kifaa kipya kilipatikana katika duka la vifaa vya ujenzi, kikafungwa, nikashika saa tena. Dakika 3 hazikutimia!

Lakini usikimbilie tundu pana kama nyumbani kwenu maji hutoka bomba kuu kwa kishindo. Boya litashindwa kulifunga, na tangi litafurika usiku kucha.

Matangi ya kisasa ya kubonyeza yana ugonjwa mwingine. Mpira wa chini ukichakaa, maji huvuja kimya kimya kwenda chooni huku mengine yakiingia juu, basi tangi halijai upesi. Tia matone ya wino ndani ya tangi, usibonyeze, ungoje nusu saa. Maji ya chooni yakigeuka rangi, badilisha mpira huo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.